Usukani Hauanzi Mikononi: Maneno kwa Madereva na Mafundi wa Malori, Malindi

Wazee wangu, kaka zangu madereva, mataniboi, na nyinyi vijana wa gereji mliokuja na ovaroli zenu: assalamu alaykum, na nyote hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika. Mji huu wa Malindi ndio ulionipa kazi tangu nilipotoka Lamu nikiwa kijana, na kuzungumza nanyi juu ya kazi hii ni kulipa sehemu ndogo ya deni.

Kabla sijasema mengi, shikeni chuma hiki. Kipitisheni mkono kwa mkono. Ni kingi pini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, imetoka kwenye Isuzu kuukuu iliyokuwa ikibeba chumvi kutoka Gongoni. Piteni na ukucha hapa upande wa chini, taratibu. Mnahisi kijingazi? Pini hii ilitoka kiwandani ikiwa mviringo kamili. Hapo ukucha unapokwama ndipo bushi, kile kibomba kinachoikumbatia pini, ilipokuwa ikisugua kavu, bila grisi, huku maji ya chumvi yakiingia. Na bushi yake ni hii hapa. Itazameni shimo lake: limekuwa kama yai.

Sasa niwaambie dereva wa lori hilo alikuja kwangu akitaka nini. Alisema, “Fundi, usukani una mchezo. Nauzungusha huku na huku, gari halijui. Nikazie boksi.” Nami nikaikaza. Ni kazi ya dakika kumi: unalegeza nati juu ya boksi ya usukani, unazungusha skrubu kwa bisibisi, unakaza nati tena. Akalijaribu pale barabarani, akarudi amefurahi, mchezo umekwisha. Akanilipa akaenda zake.

Jioni ile alikuwa anarudi na mzigo, ameshavuka daraja la Sabaki kuja huku mjini. Akaingia kona, na alipotaka kunyoosha, usukani ukakataa kurudi. Ulishika. Akauvuta kwa nguvu zote, lori likaacha lami, likaingia mchangani na kulala ubavu. Taniboi wake akavunjika mkono. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini mkono ule niliuvunja mimi kwa bisibisi, na tangu siku hiyo sijakaza boksi ya lori lolote kabla sijalala chini yake.

Kosa langu lilikuwa nini? Vijana, sikilizeni hapa, kwa sababu kosa hili linatendeka kila wiki katika gereji zetu. Meno ya ndani ya boksi ya usukani yametengenezwa yakaribiane zaidi pale katikati, gari linapokwenda moja kwa moja. Ukizungusha kuelekea kona, nafasi inaongezeka kidogo. Sasa lori linakwenda moja kwa moja muda mwingi wa maisha yake, kwa hiyo katikati ndipo panapolika zaidi. Ukilikuta kuukuu na ukakaza skrubu kwa kufuata mchezo unaousikia mikononi, unaweza kupita kiasi: boksi inashika kwenye kona, ambako meno hayajalika, na usukani hauna tena uhuru wa kurudi wenyewe baada ya kona. Boksi hurekebishwa matairi yakiwa yamenyooka, mkono wake ukiwa umetenganishwa na dragi linki, ile fimbo inayopeleka mwendo wa boksi kwenye gurudumu, kisha unauzungusha kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule ukisikiliza kama kuna mahali panapogoma. Mimi siku ile sikutenganisha kitu. Na ubaya zaidi, mchezo wenyewe mwingi wake haukuwa kwenye boksi. Nilipolinyanyua lile lori baadaye, kingi pini zote mbili zilikuwa zimekufa, vichwa viwili vya tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, vimelegea, na senta bolti, ile bolti ya katikati ya springi inayoikalisha ekseli mahali pake, upande wa kushoto imekatika. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo wa mgonjwa ili asilie.

Haya ndiyo niliyokuja kuyasema leo. Mchezo unaousikia mikononi ni jumla. Ni michezo midogo mingi iliyopangana kutoka kwenye tairi mpaka kwenye kiti cha dereva, na ukiuondoa sehemu moja tu, hasa sehemu iliyo karibu na mikono yako, ile mingine inabaki na inaendelea kula.

Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa jahazi. Neno hili usukani tumelichukua kule kwao, baharini, kabla lori la kwanza halijafika pwani hii. Chombo kikipwelewa ufukweni maji yakitoka, baba alikuwa akishuka na kuushika usukani kwa mikono miwili, kule chini, akautikisa. Hakuwa akitikisa kana juu, pale anaposhika nahodha. Alijua kana inaweza kuwa imara kabisa mkononi na huku pini za chuma zilizouning'iniza usukani nyuma ya chombo zimelika. Kule nje, mawimbi ya kusi yakianza, ndipo zingesema. Kingi pini ya lori ni jamaa ya pini zile. Kazi ni moja: kuning'iniza kitu kizito kinachogeuka.

Tuitazame ekseli ya mbele ya lori kuukuu, ile ekseli nzima ya chuma kimoja. Kila mwisho wake una tundu, na ndani ya tundu imesimama kingi pini, imefungwa kwa kabari isizunguke. Stabu, yaani kile kipande kinachobeba habu na tairi, kimeikumbatia pini juu na chini kwa bushi mbili. Chini ya tundu la ekseli kuna bearingi bapa inayobeba uzito wote wa upande ule, na juu huwekwa shimu, vibati vyembamba vya kupunguza nafasi ya kupanda na kushuka. Basi. Tani kadhaa za mawe au chumvi zinageuka kona juu ya vitu vidogo hivyo.

Wazo la kila gurudumu la mbele kugeuka kwenye pini yake ni la zamani kuliko malori. Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi kule Munich, ndiye aliyelibuni, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akalisajili Uingereza. Walitaka gurudumu la ndani ya kona likunje zaidi kuliko la nje, kwa sababu linazunguka duara dogo zaidi. Hilo linapatikana kwa jinsi mikono ya tairodi ilivyopindwa kutoka kiwandani. Nalisema hili kwa sababu nimewaona watu wakipasha moto mkono uliopinda kwa gesi na kuunyoosha kwa nyundo juu ya reli, kwa kukadiria kwa jicho. Ndugu zangu, usifanye. Umeharibu ugumu wa chuma, umeharibu na hesabu ya watu wale. Mkono uliopinda hubadilishwa. Tairodi iliyopasuka haichomelewi.

Nije kwenye hesabu nyingine, nayo ni nyepesi. Bushi ya juu na ya chini zimeachana kama sentimita 20. Tairi la lori kubwa, lile la 10.00-20, kipenyo chake ni zaidi kidogo ya mita moja. Kwa hiyo chochote kinacholegea kwenye bushi, kwenye ukingo wa tairi kinakuwa karibu mara tano. Nusu milimita, ambayo huioni kwa jicho, inakuwa milimita mbili na zaidi kule nje. Na uzito wa gari unalisukuma tairi kwa chini likitoka nje na kwa juu likiingia ndani. Ndiyo maana lori lenye kingi pini zilizokwisha ukilitazama kwa mbele unaona matairi yamelala, na yanalika upande wa ndani. Tairi linawaambia kila kitu kama mtalisoma. Likilika ukingo mmoja, uliza kingi pini na alaimenti, yaani unyookaji wa magurudumu ya mbele. Likiwa na mabonde mabonde, uliza shokapu na bearingi. Ukipapasa kwa kiganja ukalikuta laini ukienda upande mmoja na lina makali ukirudi, tairi hilo linaburutwa, halibingiriki.

Hapa kwetu vitu hivi vinakufa mapema kuliko kwingine, na sababu mnazijua kwa miili yenu. Chumvi kutoka Gongoni na Marereni inadondoka, inashika unyevu wa bahari, na inakaa kwenye kila kiungo usiku kucha hata lori likiwa limelala. Wabebaji wa mawe ya kujengea wanaingia kwenye matimbo, na lile vumbi jeupe la matumbawe likichanganyika na grisi inakuwa msasa. Njia ya kwenda Sala, lango la Tsavo, kuna vipande ambavyo barabara imekunjamana kama bati la nyumba, na kila mkunjo ni nyundo. Wazee waliokuwa wakipeleka mizigo Mokowe, upande wa Lamu, wakati Garsen mpaka kule ni udongo mtupu wanakumbuka: walikuwa wakirudi na springi zimefungwa kamba ya katani.

Sasa upimaji. Nitaueleza kama ninavyoufanya, na baadaye tutaufanya pamoja.

Anza lori likiwa chini, matairi yana upepo sawa. Mmoja akae ndani, atikise usukani kidogo kulia na kushoto, kiasi cha kufikia mwisho wa mchezo tu, asigeuze. Wewe uko chini umeweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu: mkono wa boksi, kichwa cha dragi linki, cha pili, vichwa vya tairodi. Kiganja kinahisi kabla jicho halijaona. Kichwa kizuri, vipande viwili vinaondoka pamoja. Kibovu, kimoja kinatangulia na kingine kinafuata. Usikipime kwa kukibinya na koleo kubwa. Mna springi ndani, na utakilaumu kichwa kizima. Angalia pia boksi yenyewe. Nimekuta boksi inayotembea juu ya chasisi kwa sababu bolti zake zimelegea, na watu wameshabadilisha kila kitu kingine.

Kisha nyanyua. Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu nimewahi kuzika mtu. Ardhi yetu ni mchanga. Weka ubao mpana chini ya jeki. Na lori likishanyanyuka, liwekwe juu ya stendi za chuma au magogo ya mti mgumu. Si juu ya mawe ya matumbawe! Najua yako kila mahali, najua yana umbo zuri la kupanga. Jiwe hilo linabeba nyumba kwa sababu uzito wa ukuta umetandazwa. Ekseli inalikandamiza mahali padogo, na linapasuka bila kutoa onyo. Tafadhalini. Kama gereji yenu haina stendi, fedha ya kwanza mtakayopata nunueni stendi, kabla ya spana mpya.

Jeki ishike ekseli, isishike chasisi. Tairi likiwa hewani, mkono mmoja juu, mkono mmoja chini, sukuma na vuta. Likicheza, usiseme neno bado. Mwambie wa ndani akanyage breki aishikilie, na ujaribu tena. Breki imeshikamanisha habu na stabu, kwa hiyo kama mchezo umekwisha, ulikuwa wa bearingi za gurudumu, na huenda zinataka kukazwa tu. Kama umebaki, ni kingi pini. Jaribio hili dogo la mguu mmoja kwenye breki limeokoa fedha nyingi za watu, na bado naona bearingi nzima zikitolewa na kutupwa kwa kosa la bushi. Kisha weka mtaimbo chini ya tairi, unyanyue taratibu, utazame kama stabu inapanda juu ya ekseli. Kipimo kinachokubalika kimo kwenye kitabu cha gari lenu, na malori mengi ya Isuzu hapa Kenya yameundwa Nairobi, kwenye kiwanda cha kampuni iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa jina la General Motors Kenya na tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa, kwa hiyo vitabu na vipuri si vitu vya kutafuta ng'ambo.

Umekuta kingi pini zimekufa. Pande zote mbili zifanywe pamoja, hata kama upande mmoja unaonekana una afadhali. Zimetembea barabara moja. Kutoa pini ya zamani kwa hapa pwani ni kazi ya subira, kwa sababu kutu imeshikana na ekseli. Toa kwanza ile kabari. Nimeona kijana akipiga pini nusu saa kwa nyundo kubwa na kabari bado imo. Mwagia mafuta ya kupenya kutu tangu jana yake. Kama imegoma kabisa, pelekeni ekseli penye mashine ya kukandamiza, msiipige mpaka kichwa cha pini kikachanua kama uyoga, maana ikishachanua haitoki tena kwa njia ya heshima.

Pini ikitoka, kabla hujafurahia seti mpya, safisha tundu la ekseli, na uingize pini mpya kwa mkono. Ikidondoka yenyewe mpaka chini, tundu limelika, na seti mpya itakufa kabla ya mwaka kuisha. Hapo ndipo watu wetu hukata kipande cha mkebe wa soda, wakakizungushia pini, wakaigonga ndani. Nalielewa jambo hili linatoka wapi: mwenye gari anasubiri, mzigo unasubiri, na fedha hazipo. Lakini bati la mkebe linasagika kwa siku chache, na baada ya hapo pini inapiga ekseli moja kwa moja kila shimo la barabara. Tundu lililolika linataka kuchongwa upya kwa pini nene zaidi, kama ipo ya gari lako, au ekseli nyingine. Hakuna njia ya tatu ambayo ningempandisha mwanangu.

Bushi mpya ikiingia, tundu lake la grisi likutane na tundu la nipeli, ule mdomo wa kutilia grisi. Jambo dogo sana. Nimefungua lori lililotiwa grisi kila Ijumaa kwa uaminifu, na bushi kavu kabisa, kwa sababu aliyezigonga alizigeuza nusu zamu. Bushi za shaba huchongwa baada ya kuingia, na chombo cha kuchongea kinapaswa kupita juu na chini kwa mstari mmoja, siyo kila moja peke yake, ama sivyo pini itaingia kwa kukabwa. Stabu ikishafungwa, igeuze kwa mkono bila tairi. Igeuke kwa uzito unaolingana mwanzo mpaka mwisho. Ikigoma mahali, fungua. Usitegemee kwamba itajilainisha barabarani.

Vichwa vya tairodi nitavipita haraka kwa kuwa wengi mnavijua. Ili kukitoa, legeza nati, weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono kama fuawe, piga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Kinaruka chenyewe. Usipige uzi wa bolti. Ukirudisha kipya, tundu na shina viwe safi na vikavu, na nati ikishafika kwenye nguvu yake, kama tundu la splitipini, ile pini ya kuizuia nati isilegee, halijalingana, ongeza mbele kidogo mpaka lilingane. Kamwe usirudishe nyuma. Na splitipini iwe mpya. Msumari si splitipini.

Springi nataka nikae nazo kidogo zaidi, kwa sababu kuna jambo tunajifanyia wenyewe. Mnaongeza majani nyuma ili lori libebe zaidi. Wengi wenu hapa mmefanya. Lori likiwa tupu, nyuma kunapanda na pua inainama. Pua ikiinama, ekseli ya mbele inazunguka nayo, na ule mlalo wa kingi pini kwenda nyuma, ambao ndio unaolifanya gari lishike njia na usukani urudi wenyewe, unapungua. Ndiyo maana dereva ananiambia, “Fundi, nikiwa na mzigo linatulia, nikiwa tupu linatangatanga kama mlevi.” Hapo boksi haina kosa, na pengine hata kingi pini hazina kosa. Kosa ni majani mawili ya nyuma. Mwenye lori atakasirika ukimwambia, lakini mwambie.

Na senta bolti. Yuubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikilegea, springi na ekseli zinaanza kusuguana, senta bolti inabeba mzigo usio wake, inakatika, na ekseli inarudi nyuma upande mmoja. Lori linavuta kwenda upande huo na hakuna alaimenti itakayoliponya. Pima kwa kamba, kutoka katikati ya habu ya mbele mpaka ya nyuma, kulia na kushoto, matairi yamenyooka. Kamba ikikataa kulingana, umepata ugonjwa. Yuubolti zikishafunguliwa nashauri ziwekwe mpya, zikazwe lori likiwa chini juu ya uzito wake, na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo zikazwe tena. Hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Pini za sheko nazo, zile zinazoning'iniza springi: zikilika, ekseli yote inatembea kulia na kushoto, na dereva anaapa kwamba ni usukani.

Vyote hivyo vikiwa vizima, ndipo boksi. Na ikishatoshelezwa boksi, ndipo alaimenti, ya mwisho kabisa. Asiye na mashine asikate tamaa. Nyanyua tairi la mbele, lizungushe, na umeshika msumari kwenye kipande cha mbao kilichotulia chini, uchore mstari mmoja mwembamba katikati ya uso wa tairi uliopakwa chaki. Fanya na la pili. Shusha lori, lisukume mbele hatua chache likae sawa. Pima kutoka mstari mpaka mstari kwa mbele, kwenye kimo cha habu. Kisha lisukume mpaka alama zilezile zifike nyuma, upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo alaimenti yako. Malori mengi ya ekseli nzima yanataka mbele pawe pamebana kuliko nyuma kwa milimita chache tu. Namba kamili ni ya kitabu. Mtu mmoja mwenye chaki na utulivu anapata kipimo cha kweli. Mtu mwenye mashine nzuri akipima lori lenye kingi pini zilizolegea anapata namba ambayo haitakuwa ileile kesho asubuhi.

Kuhusu grisi, madereva, hapa nazungumza nanyi zaidi kuliko mafundi. Mimi kwa malori ya chumvi na ya matimbo natia kila wiki. Natia kwanza lori likiwa chini, kisha nanyanyua ili uzito utoke kwenye ile bearingi bapa, nageuza tairi kulia na kushoto, natia tena mpaka ile nyeusi itoke yote na nyingine safi ionekane. Nipeli isiyopitisha inatolewa na kubadilishwa siku hiyohiyo. Mkiosha lori kwa maji ya nguvu, tieni baada ya kuosha. Seti nzima ya kingi pini mara nyingi haifiki bei ya tairi moja jipya la mbele, na mkebe wa grisi haufiki bei ya seti. Lakini anayeulizwa aje na fedha ya grisi ni mwenye lori, na anayelala ubavuni mwa barabara ni nyinyi na mataniboi wenu. Kwa hiyo dereva, pampu ya grisi iwe ndani ya kebini yako. Usimngoje mtu.

Na usiseme “nitaifanya karibu na ukaguzi.” Ukaguzi wa magari ya biashara unakuja mara moja kwa mwaka. Kona ya Sabaki mnaipita kila siku.

Yule taniboi mkono wake ulipona, ila haukunyooka vizuri. Alifanya kazi kwangu miaka mingi baadaye, na ndiye aliyekuwa akinitikisia usukani nikiwa chini. Kila mara alikuwa akiniuliza kutoka juu, “Fundi, umeshaangalia zote?” Sikuwahi kumjibu mpaka niwe nimeangalia zote.

Nimeona kule nje, chini ya mkwaju, kuna Canter yenye tairi la kushoto lililolika ndani. Mwenyewe yuko hapa, ameshaniruhusu. Jeki na stendi nimekuja nazo. Wewe kijana mwenye kofia, panda ndani, ukae tayari kukanyaga breki nikisema. Na wewe uliyeshika pini, njoo nayo, ulale chini pamoja nami.